Utabiri wa mvua wa saa chache: rada inavyojua mvua inakwenda wapi

Chukua saa nane mchana, mwezi wa Januari, mwaloni Kibirizi, Kigoma. Dagaa wako kichanjani tangu asubuhi. Wa juu wameshaanza kulia kama majani makavu ukiwapitishia mkono. Wa chini bado wanateleza. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, milima haionekani tena, pameingia weusi.

"Mama, tuanue?"

"Ngoja kwanza."

Akianua mapema, anarundika dagaa wabichi chini ya turubai, wanavunda. Akichelewa wanalowa, na dagaa aliyelowa hapati bei. Utabiri aliousikia redioni jana usiku ulisema mkoa wa Kigoma utakuwa na mvua na ngurumo katika baadhi ya maeneo, na ni kweli tupu. Ila yeye shida yake ni kichanja kimoja na dakika arobaini.

Swali hilo ndilo linalojibiwa na utabiri wa saa chache. Shirika la Hali ya Hewa Duniani huuhesabu kuanzia sasa hivi mpaka saa 6 mbele, ingawa kwa mvua za radi za huku kwetu saa ya kwanza ndiyo yenye uhakika mkubwa. Utabiri wa kesho na keshokutwa hutoka kwenye hesabu za anga nzima: upepo, joto, unyevu, mgandamizo. Huu wa saa chache una njia fupi zaidi. Unaitafuta mvua ambayo tayari inanyesha mahali fulani, unaangalia inaelekea wapi na kwa mwendo gani, kisha unaisogeza mbele. Mama wa Kibirizi anafanya hivyohivyo kwa macho. Tofauti ni kwamba macho yake hayaoni nyuma ya mvua ya kwanza, wala usiku.

Anayeona ni rada. Katika Vita vya Pili vya Dunia, waliokuwa wakisaka ndege za adui kwa rada walikerwa na madoa yaliyotapakaa kwenye skrini, yalikuwa mvua. Kero hiyo ndiyo ikageuzwa kazi. Rada hutuma mawimbi ya redio kwa vipigo vifupi, yakigonga matone ya mvua sehemu ndogo hurudi kama mwangwi. Mawimbi hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo mvua iliyo umbali wa kilomita 60 hujibu baada ya sekunde 0.0004. Muda huo unatoa umbali, na upande ambao sahani ya rada imeelekea unatoa mahali. Sahani inazunguka, inainuka kidogo, inazunguka tena, na kila baada ya dakika chache picha mpya inakuwa tayari.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa rada ya mvua, wingu tupu karibu si kitu. Nguvu ya mwangwi hufuata upana wa tone uliozidishwa kwa wenyewe mara sita: tone la milimita 2 hujibu kwa nguvu mara 64 kuliko la milimita 1. Vitone vya wingu vina upana wa kama milimita 0.02, kwa hiyo kimoja hujibu kwa nguvu ndogo mara trilioni kuliko tone la milimita 2. Mwaka 1948 Marshall na Palmer, huko Kanada, walitoa kanuni ya kugeuza nguvu ya mwangwi kuwa milimita za mvua kwa saa, na mpaka leo inatumika. Kanuni hiyo hudanganyika pia: mvua ya mawe huonekana nzito kuliko ilivyo.

Sasa mwendo. Wengi hudhani kazi hii inafanywa na Doppler, ile mbinu ya kupima kasi kwa badiliko la mawimbi. Doppler hueleza tu kama matone yanaijia rada au yanaikimbia, na kwa kasi gani. Ili kujua mvua inakokwenda, kompyuta hulinganisha picha mbili tatu zinazofuatana: doa lilikuwa hapa, dakika 10 baadaye liko pale. Kama mvua iko kilomita 30 kutoka mwaloni na inakuja kwa kilomita 40 kwa saa, itafika baada ya dakika 45. Hesabu ya darasa la sita, ila inafanywa kwa maelfu ya madoa kwa pamoja.

Ugumu ni kwamba mvua haiji kama lori. Wingu la radi linazaliwa, linakua na kufa, mara nyingi ndani ya saa moja. Linaweza kumwaga maji yote ziwani likaisha kabla ya kugusa mchanga, na jingine likaota juu ya vilima nyuma ya mji ambako rada haikuwa na cha kusogeza. Kwa hiyo mifumo ya siku hizi hutoa njia nyingi zinazowezekana, kisha husema uwezekano wa mvua kufika ni asilimia ngapi.

Kigoma ni miongoni mwa sehemu ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imeweka rada, kama Dar es Salaam, Mwanza na Mtwara. Lakini dunia ni mviringo na mwale wa rada, yaani mawimbi inayoyatuma, hupaa kadiri unavyokwenda mbali. Ukielekezwa juu kwa nusu digrii tu, umbali wa kilomita 100 uko kilomita moja na nusu hewani. Ukipimia kutoka Kigoma mjini, Kibondo, kama kilomita 190, mwale unapita juu zaidi ya kilomita 3. Mvua nyepesi ya chini inaweza kupita bila kuonekana, na milima nayo huziba.

Kwa anayepokea picha hizi kwenye simu, cha kutazama kabla ya rangi ni saa iliyoandikwa pembeni. Picha ya saa 8:10 inayosambazwa kwenye kundi la WhatsApp saa 9:30 inaonyesha mvua ambayo imeshanyesha, na dagaa wameshalowa.