Siku ya Tatu Mpe Jembe? Dhana Potofu Kuhusu Wageni Wanaokuja Kujitolea Kanisani

Kuanzia Juni mpaka Agosti, shule na vyuo vya Ulaya na Marekani vikiwa likizo, makanisa mengi ya Dodoma hupokea vikundi vya kujitolea. Wengine hukaa wiki mbili, wengine mwezi. Mimi niko kwenye kamati ya mapokezi ya kanisa letu, pembezoni mwa jiji, na nimeona kwamba safari ikiharibika, mara nyingi huanza kuharibika ndani ya siku tano za kwanza. Si kwa ubaya wa mtu. Ni yale tunayoyadhania sisi juu yao, na wao juu yetu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe"

Msemo huu tunaupenda, lakini ratiba zetu hata hizo siku mbili hazikuwa zinawapa. Mwaka mmoja tulipokea vijana sita kutoka Marekani. Waliingia usiku, na saa mbili asubuhi walikuwa wameshapangwa mstari wanapitishiana matofali ya darasa la shule ya Jumapili. Ilipofika saa tano, mmoja alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amelala fofofo, mdomo wazi, glovu za kazi bado mkononi. Mzee mmoja wa kanisa akaguna. Fundi akamjibu, "Mzee wangu, huyu si mvivu. Huyu bado yuko kwao."

Fundi alitushinda wanakamati wote. Miezi hiyo, Chicago walikotoka iko nyuma yetu kwa saa nane: saa tano asubuhi ya Dodoma kwao ni saa tisa usiku. Mwili hauhami kwa ndege. Huzoea polepole, kwa makadirio ya kawaida siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, na kinachousaidia ni mwanga wa mchana, maji na usingizi wa usiku. Siku hizi siku ya kwanza ni ya kulala na kutembeatembea, ya pili ya kusalimia majirani, ya tatu ya kuangalia kazi na kujua majina ya mafundi. Jembe linasubiri.

"Waafrika hawajali saa"

Kuhusu harusi zetu sina utetezi. Ila kuna kisa kingine. Kijana aliyejifunza Kiswahili kwa simu kabla ya kuja niliwahi kumwambia Jumamosi, "Kesho ibada saa tatu." Akashukuru, akaandika. Jumapili akatokea na gitaa lake saa tisa alasiri, kanisa limefungwa, watoto wanacheza mpira uwanjani. Alijua vizuri kabisa kwamba tatu ni tatu. Hakuna aliyemwambia kwamba sisi huanza kuhesabu saa za mchana asubuhi, jua linapochomoza, wala si usiku wa manane. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo ratiba ya wageni tunaiandika kwa namna mbili, saa tatu asubuhi na pembeni 9:00.

"Afrika ni joto tu"

Hii ni ya kwao, lakini hata sisi huisahau tunapotandika vitanda. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 14 au chini yake. Ongeza upepo na vumbi la kiangazi. Mgeni aliyekuja na kaptura tatu na krimu ya jua huamka anatetemeka chini ya shuka moja. Wekeni blanketi.

"Mlenda utamuumiza mgeni tumbo"

Kwa hofu hii mama mchungaji wetu aliwahi kupanda bodaboda mpaka mjini kutafuta soseji na tambi. Wageni wakala, wakashukuru, na kesho yake watatu walikuwa wanapishana mlango wa choo. Tulipofuatilia, soseji hazikuwa na hatia. Ilikuwa juisi ya ubuyu, nzuri kweli, iliyochanganywa na maji ya bomba yasiyochemshwa, pamoja na kachumbari iliyooshwa kwa maji hayohayo.

Ugali wa uwele uliotoka jikoni sasa hivi umepikwa kwa moto wa kutosha. Mlenda uliochemka na karanga za kutwanga, vivyo hivyo. Chakula cha Kigogo kinacholiwa cha moto ni salama kuliko mapambo mengi tunayowatengea kwa heshima. Binti mmoja wa Kijerumani alicheka mpaka machozi uzi wa mlenda ulipotoka sahani ukamfuata hadi kidevuni. Jumatano alikuwa anaukata kwa kuzungusha mkono kama bibi wa hapahapa.

"Homa ya siku ya tatu ni malaria"

Kwa aliyetoka moja kwa moja Ulaya au Marekani, hapana, si malaria ya hapa. Tangu mbu amuume mtu mpaka homa ianze hupita angalau wiki moja, mara nyingi zaidi. Homa ya siku ya tatu huenda ni tumbo, au mafua waliyoambukizana ndani ya ndege. Msimpe dawa ya mseto ya kwenye droo, mpelekeni akapimwe. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo, lakini ipo, na dawa za kinga asiziache. Hatari ni homa inayokuja akisharudi kwao, mahali ambapo daktari hafikirii malaria. Tunawasisitiza: ukiumwa, sema ulikuwa Tanzania.

"Wanakuja kutuletea Injili"

Wamisionari wa CMS, chama cha kimisionari cha Kianglikana cha Uingereza, walifika Mpwapwa, mkoani kwetu hapa, miaka ya 1870. Kikundi kingine huja na nyimbo za kuhubiri kwa "wasiofikiwa", kisha kinakaa Jumapili mbele ya kwaya nne na bibi anayeijua Zaburi ya 103 kwa kichwa. Kwa kawaida wao wenyewe huibadilisha ratiba bila kuambiwa.

"Kazi ya Mungu haihitaji kibali"

Inahitaji. Viza ya matembezi ni ya matembezi, na anayejitolea, hata kama halipwi senti, si mtalii. Kibali cha ukaazi cha daraja C ndicho kinachowahusu watu wa kujitolea na wamisionari. Kwa kazi ya muda mfupi, kanisa mwenyeji liwaulize Uhamiaji kabla tiketi hazijakatwa, si baada ya wageni kutua. Kwa daktari au muuguzi kuna hatua ya ziada: daktari anahitaji usajili wa muda kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika (ndiyo, jina bado ni Tanganyika), na wauguzi wana baraza lao. Mwanafunzi wa mwaka wa pili asiyeruhusiwa kushona kidonda kwao asije akajifunzia kwa shangazi yangu.

"Mgeni wa kanisa ana hela"

Wengi waliuza keki, wakaosha magari ya waumini wenzao, wakaandika barua za kuomba mchango, na karibu yote yakaishia kwenye nauli ya ndege. Binti wa miaka 19 akifuatwa siku ya pili na watu watano, kila mmoja na ada ya mtoto wake, anajifungia chumbani. Tumekubaliana na waumini: mwenye shida aende kwa mchungaji. Ikibidi, mchungaji huandika kwa uongozi wa kanisa lao, mwezi mmoja baada ya wageni kuondoka. Mara mbili tumejibiwa kwa kukubaliwa, mara moja tukakataliwa, na barua ya nne bado tunaisubiri.