Rangi kung'aa si ushahidi wa kliki

"Shikamoo Dokta, kliki imekubali!" Kliki ni mmenyuko unaofunga molekuli mbili kwa bondi; hapa, rangi ing'aayo kwenye polima. Kijana ameniletea picha ya hadubini: kioo kilichopakwa polima, kijani kote. Nikamuuliza, kipande kisichotiwa shaba kiko wapi? Hana. Mara ya ngapi hii hapa maabara kwetu Dar? Nimeacha kuhesabu.

Azidi (kikundi kilichoko kwenye polima) na alkaini (kilichoko kwenye rangi) zikikutana mbele ya shaba (I) hufunga triazoli, pete inayoziunganisha. Meldal na Sharpless walilionyesha 2002, Nobeli ikaja 2022, pamoja na Bertozzi. Askobati, inayoitunza shaba katika hali hiyo ya (I), changanya asubuhi ileile. Ya juzi imeshaliwa na oksijeni. Tuendelee.

Ile sifa ya kliki kwamba "haikosei" ilipatikana chupani, molekuli zikiogelea huru. Brashi ya polima, yaani minyororo iliyosimama kwa msongamano juu ya kioo, ni daladala ya Mbagala saa moja asubuhi: mwembamba atapenya hadi siti ya nyuma, mwenye gunia ataishia mlangoni. Protini ndiyo yenye gunia. Azidi za chini hazifikiwi, kwa hiyo kilele cha infraredi karibu na 2100 kwa sentimita, alama ya azidi, hakiishi chote.

Sasa huku kung'aa. Rangi hizi nyingi zina sehemu zinazokwepa maji, na polima nyingi nazo vivyo hivyo. Zikikutana zinanatana bila bondi yoyote. Polima ikivimba kwenye kiyeyushi, rangi inazama ndani; ikikauka, imenaswa humo. Suuza kwa maji upendavyo, bado itang'aa. Kata bamba moja vipande viwili, rangi ileile, muda uleule, kimoja kikose shaba. Suuza vyote kwa kiyeyushi kinachoivimbisha polima hiyo, kisha piga picha bila kugusa mipangilio ya kamera. Nimeshaona kisicho na shaba kikiwaka karibu sawa na mwenzake. Ilikuwa miezi miwili ya kazi yangu, na iliniuma.

Shaba nayo hudanganya: ioni zake zikibaki kwenye polima huzima mng'ao wa baadhi ya rangi. Suuza kwa EDTA, kemikali inayozikamata ioni hizo, vipande vyote viwili. Kwenye brashi nene siamini kwamba hutoka yote, ndiyo maana kitu kitakachogusa seli hai nakifanyia kliki ya saiklooktaini, alkaini iliyokunjwa kuwa pete, isiyohitaji shaba. Ila saiklooktaini ni nene na inakwepa maji, hivyo kunata kunazidi, na hapo kipande cha kulinganishia kinakuwa kile kisicho na azidi.

Kijana amerudi kulikata bamba lake la mwisho.