Siku 11 za Septemba 1752 hazikuzaa likizo ya malipo

Ujumbe huu bado unasambazwa kwenye magrupu: picha ya kalenda ya 1752 yenye pengo la siku 11, eti mfalme wa Uingereza aliwalipa wafanyakazi siku hizo bila kazi, na likizo ya malipo ikaanzia hapo.

Picha ni ya kweli, na ndiyo inayowachanganya watu. Uingereza na Ireland zililala Jumatano tarehe 2, zikaamka Alhamisi tarehe 14, kwa kuwa kalenda yao ya zamani, ya Juliasi, ilikuwa nyuma kwa siku 11 ikilinganishwa na kalenda ya Gregori tunayotumia leo.

Maelezo ndiyo potofu. Sheria iliyobadilisha kalenda ilikataza kodi ya kupanga ardhi kudaiwa mapema au mkataba kuisha kabla ya siku zake kutimia. Kodi ya 29 Septemba ilingoja 10 Oktoba. Mrithi wa ardhi aliyezaliwa 8 Septemba 1731 hakuikuta tarehe yake kabisa; alitimiza miaka 21 kisheria tarehe 19.

Pengo utaliona kwenye kompyuta nyingi zenye mfumo wa Linux ukiandika amri ya kalenda, cal 9 1752. Kuhusu malipo, soma kifungu cha kodi, mikataba na umri katika sheria yenyewe, likizo haimo. Tafadhali, ukiupokea ujumbe huo usiusambaze.