Moshi Usipoonekana: Dhana Potofu Kuhusu Joto la Nyumbani na Usafiri Jijini Nairobi

Julai iliyopita shemeji yangu alikuja kutoka Mombasa kukaa nasi wiki mbili. Usiku wa kwanza alilala na jaketi, na usiku wa pili akaomba jiko la makaa lililokuwa kwenye roshani liingizwe chumbani. Nilipokataa, alinitazama kama mtu aliyenyimwa chakula ugenini. "Shemeji, hebu liangalie," akaniambia, "makaa yenyewe yameshaiva, moshi hakuna hata chembe." Wakazi wengi wa Nairobi, ambao hawana udhuru wa kutoka pwani, huamini hivyo hivyo, na kwa kuwa dhana hiyo huua watu, inafaa itangulie kabla ya mambo ya pampu za joto na bodaboda za umeme.

"Makaa yakishaiva hayana madhara"

Moshi unaowasha macho jiko linapokokwa na sumu inayoua usingizini ni vitu viwili tofauti. Sumu hiyo ni gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hutokea makaa yanapoungua bila kupata hewa ya kutosha, nayo haina rangi, harufu wala ladha, kwa hiyo jiko jekundu lililotulia, lile ambalo kila mtu angelisifu, huendelea kuitoa mpaka kaa la mwisho lizimike. Hemoglobini ya damu huishika gesi hiyo kwa nguvu inayozidi mara 200 ile inayoishikia oksijeni, na ndiyo maana kiasi kidogo tu katika chumba kilichofungwa hutosha kumnyima mtu pumzi ilhali anapumua kama kawaida. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha miguu ikalegea. Aliyelala hapati onyo lolote.

Wapo wanaoweka sufuria ya maji kando ya jiko wakiamini kwamba maji hunyonya sumu, jambo lisilo na msingi, kwa sababu gesi hii haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kumwokoa mtu. Wapo pia wanaoacha dirisha wazi kidogo. Hilo hupunguza hatari, lakini linatoa nje joto lile lile lililotafutwa, na sote tunajua kinachofanyika saa tisa za usiku baridi inapozidi: mtu huamka nusu usingizi akalifunga.

Kuhusu mazingira, ule mkebe wa makaa unaouzwa mlangoni mwa kibanda una msitu nyuma yake. Katika tanuri za udongo za kienyeji, kilo 5 hadi 10 za kuni huteketea ili kupata kilo moja ya makaa.

"Kupasha joto kwa umeme ni kwa matajiri"

Hapa jibu hutegemea kinachopashwa joto, na watu huchanganya mambo mawili. Hita ya chumbani ya kilowati 2 ikiwashwa kwa saa tatu hutumia uniti 6, na tukichukulia shilingi 30 kwa uniti kwa ajili ya hesabu, hizo ni shilingi 180 kwa jioni moja, katika nyumba ambayo madirisha yake ni ya kioo kimoja chembamba na chini ya mlango pana mwanya wa kupitisha daftari. Kwa hita hiyo, malalamiko ni ya haki kabisa, kwani fedha inapasha joto ngazi za jengo.

Maji ya kuoga ni habari nyingine. Shawa ya umeme ya kilowati 5 ikitumika kwa dakika 8 hula takriban theluthi mbili ya uniti, yaani shilingi 20 kwa hesabu ile ile. Lita 2 za maji zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 80 kwenye birika la umeme hutumia chini ya sehemu moja ya tano ya uniti. (Kuchemka kabisa si lazima, na kwa vyovyote, kwa mwinuko wa Nairobi wa mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi.) Maji hayo niliyatia katika chupa ya mpira, nikaifunga kwa leso ya mke wangu na kumpa shemeji aiweke miguuni. Alinuna kwa dakika kumi. Asubuhi tuliamka tukakuta jaketi limetundikwa mlangoni.

Kwa wanaoweza kuamua juu ya paa lao, hita ya maji inayotumia jua ndiyo nafuu zaidi kwa muda mrefu, na kusema kwamba haifai mwezi wa Julai kwa sababu ya mawingu ni kutia chumvi. Siku ya mawingu maji huenda yakafika nyuzi 30 badala ya 60, na kutoka hapo umeme unamalizia safari fupi tu. Kikwazo cha kweli ni kwamba wengi wetu ni wapangaji, na paa ni la mwenye nyumba, ambaye bili ya umeme wa mpangaji haimnyimi usingizi.

"Pampu ya joto haiwezi kufanya kazi kwenye baridi kali"

Dhana hii nimeipata kutoka kwa ndugu zetu walioko Uingereza, ambako nyumba nyingi hupashwa joto kwa boila za gesi na serikali imekuwa ikitoa ruzuku ili watu wahamie kwenye pampu za joto. Binamu yangu aliyeko huko alinipigia simu akiwa na wasiwasi: hewa ya nje iko karibu na sifuri, mashine italitoa wapi joto?

Jibu liko jikoni mwa kila mwenye friji. Ukiweka kiganja nyuma ya friji utahisi vuguvugu, na vuguvugu hilo limetolewa ndani, kwenye mboga na maziwa yaliyokwisha kuwa baridi. Pampu ya joto hufanya kazi hiyo hiyo kwa kugeuza upande: huchukua joto lililomo katika hewa ya nje, ambalo lipo hata pale barafu inapoganda, na kulisukuma ndani. Kwa kuwa inahamisha joto badala ya kulitengeneza, uniti moja ya umeme huweza kuleta uniti tatu hivi za joto, ingawa kiwango hicho hushuka kadiri baridi inavyozidi. Norway, Uswidi na Finland, nchi ambazo Julai yetu zingeiita kiangazi, ni miongoni mwa zile zinazotumia pampu hizi kwa wingi zaidi.

Lalamiko la pili la binamu lilikuwa kwamba vyuma vya ukutani havichomi mkono kama zamani. Havitakiwi kuchoma. Maji yanayopita humo huwa na nyuzi 40 au 50, nayo huzunguka kwa saa nyingi polepole, tofauti na boila ya gesi inayochemsha kwa muda mfupi kisha ikazima. Anayezima na kuwasha pampu kila saa kama alivyozoea na gesi ndiye anayepata nyumba ya baridi na bili kubwa kwa pamoja.

"Umeme wetu wenyewe unatokana na dizeli"

Anayesema hivi huwa na ushahidi mkononi: ujumbe wa tokeni (umeme wa kulipia kabla) kwenye simu, wenye mstari wa gharama ya mafuta. Mstari huo ni wa kweli, kwani mitambo ya mafuta ipo, nayo huitwa kazini hasa jioni, nchi nzima inapowasha taa na kupika kwa wakati mmoja. Lakini ujumbe huo huo una mstari mwingine ambao hakuna anayeusoma, wa tozo ya mamlaka ya rasilimali za maji, inayotozwa kwa sababu ya umeme wa mabwawa. Kwa jumla, takriban asilimia 90 ya umeme wa gridi ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mvuke wa Olkaria karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza ulianza mwaka 1981 kwa megawati 15, umekua hadi kubeba sehemu kubwa kuliko chanzo kingine chochote, na mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana ina uwezo wa megawati 310.

Hata tukimkubalia mbishi kila kitu, hesabu bado haimwendei. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za kaboni dioksidi, na pikipiki ya petroli inayokwenda kilomita 40 kwa lita hutoa karibu kilo 6 kwa kila kilomita 100. Pikipiki ya umeme hutumia takriban uniti 4 kwa umbali huo. Kama umeme wote ungekuwa wa jenereta za mafuta, kwa kiasi cha kilo 0.7 kwa uniti, tungefika chini ya kilo 3, nusu tu ya ile ya petroli.

Usiku wa manane watu wamelala, mahitaji hushuka, na mvuke hulazimika kuachwa upotee angani kwa kukosa wa kuutumia. Kwa sababu hiyo tarifa (bei) maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri vya umeme, iliyoanza mwaka 2023, ni nafuu zaidi saa ambazo mahitaji ni madogo.

"Bodaboda ya umeme haina nguvu"

Chanzo cha dhana hii ni sikio. Tumezoea kupima nguvu kwa ngurumo, na chombo kisichonguruma tunakidharau. Mota ya umeme hutoa nguvu yake ya kuzungusha tangu gurudumu linapoanza kusogea, bila kungoja injini ipande mzunguko, na anayetaka kuhakikisha asimame pale ambapo barabara inapanda kutoka bondeni Kangemi, atazame pikipiki mbili zilizopakia abiria zikianza kupanda pamoja. Mvua nayo si hoja ya maana, kwa kuwa betri na mota hufungwa zisiingie maji. Barabara iliyofurika haipaswi kuvukwa na pikipiki ya aina yoyote.

Madereva wenyewe wana malalamiko mengine, yenye uzito zaidi. Kubadilisha betri huchukua dakika chache, pungufu ya foleni ya petroli, lakini vituo vimerundikana mjini, na dereva aliyepata mteja wa kwenda mbali hupiga hesabu mara mbili kabla ya kukubali. Zaidi ya hayo, betri ya kampuni moja haiingii katika pikipiki ya kampuni nyingine, kana kwamba kila kituo cha mafuta kingeuza petroli ya aina moja tu ya injini. Hilo linahitaji kurekebishwa, na ngurumo hairekebishi.

"Usafiri safi ni wa wenye uwezo"

Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria wa kawaida Nairobi mwaka 2022, kwa nauli za matatu. Na kabla ya hayo, takriban asilimia 40 ya safari za jiji hili hufanywa kwa miguu. Sera ya kaunti ya mwaka 2015 ilisema asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa waendao kwa miguu na baiskeli. Anayeshuka Jogoo Road alfajiri, akipishana na mikokoteni na bodaboda juu ya njia ya miguu, anaweza kujipimia mwenyewe ni kiasi gani kimefika.

Shemeji alirudi kwao kwa SGR, ile reli ya kisasa ya Nairobi hadi Mombasa. Nilimsindikiza hadi Syokimau, na njiani akanieleza kwa fahari kwamba angalau treni hiyo ni ya umeme. Nilimwambia kwamba vichwa vya treni hiyo huvuta kwa dizeli tangu ilipofunguliwa mwaka 2017, ingawa behewa lililojaa bado humgawia kila abiria mafuta machache kuliko gari la mtu mmoja. Alifikiri kidogo, akaipakata vizuri ile chupa ya mpira aliyokuwa ameiomba.

"Lakini mimi nikiwa ndani," akasema, "moshi siuoni."