Mafua yamepita, miguu imelegea: msimpeleke kwa mkandaji kwanza

Msimu huu wa kipupwe kila nyumba ina mtu wa mafua, skuli watoto wanakohoa, ndani ya daladala ndo usiseme, na wengi wanapona wenyewe ndani ya wiki. Sisi tunaotibu mishipa ya fahamu hatuna shida na hao. Shida yetu ni yule alopona kabisa, karudi kazini, halafu baada ya wiki moja mpaka tatu hivi mgongo unaanza kumuuma, vidole vya miguu vinakufa ganzi, ganzi inapanda juu, ikifika jioni hata ngazi hazipandi.

Hapo sasa maneno yanaanza. Baridi yabisi hiyo! Kapigwa na upepo! Mpigeni chuku! Kisomo mie sina neno nacho, msomeeni hata njiani, ila njia iwe ya hospitali.

Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili ishaamshwa na kirusi, kiwe cha mafua, korona au chengine, badala ya kutulia inaushambulia uti wa mgongo wenyewe, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili, unavimba, na amri za ubongo hazishuki tena chini. Kitaalamu ni transvesi mielaitisi. Siyo ile homa ya uti wa mgongo, na hii haiambukizi. Halafu ni nadra, kwa mwaka ni watu 1 mpaka 8 katika kila milioni, kwa hiyo ukipiga chafya usianze kujifinya mapaja.

Dalili ya kuishika ni mkojo. Mtu anakaa kutwa hajakojoa, tumbo la chini limejaa, gumu, akenda chooni hautoki, au unamtoka mwenyewe bila kujua. Wengine wanahisi wamekazwa kifuani au tumboni kama mtu kafungwa kanga kwa nguvu. Ukiona hivyo na miguu dhaifu, ni hospitali siku hiyo hiyo, usiku usiku, kwa sababu inaweza kuzidi ndani ya masaa tu.

Daktari atakupitisha pamba na kitu chenye ncha kutoka mguuni kupanda juu mpaka useme "hapa nasikia", na hapo ndo anajua uti umeguswa usawa gani. Atataka MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, maana lazima ajue kama hakuna kitu kinaugandamiza uti, TB ya pingili au uvimbe, hiyo matibabu yake mengine kabisa. Atapima na HIV, kaswende, na kichocho pia, mayai yake yanaweza kufika kwenye uti, na kwetu huku kichocho si kigeni. Akitaka maji ya mgongo mkubalieni jamani, hayapoozeshi mtu, sindano inaingia chini ya pale uti unapoishia.

Dawa mara nyingi ni steroidi za dripu, yaani dawa za kutuliza kinga na uvimbe, methiliprednisoloni gramu 1 kwa siku, siku 3 mpaka 5, na mkojo unawekewa mpira. Ikigoma kuna njia ya kubadilisha plazma, yale majimaji ya damu. Msende kununua vidonge vya steroidi famasi mkajitibu!

Kama thuluthi moja wanapona vizuri, thuluthi wanabaki na udhaifu kiasi, waliobaki wanabaki na ulemavu mkubwa, lakini nafuu inaweza kuendelea kuja mpaka miaka 2 kwa hiyo mazoezi yasikatwe. Mgeuzeni kila masaa 2 asitoke vidonda. Na lile sufuria la maji moto la kumkandia liacheni jikoni, miguu haisikii, ngozi inababuka na yeye mwenyewe kakutizama tu hana habari.

Mtoto chini ya miaka 15 akilegea ghafla, mutaombwa choo chake mara 2, masaa 24 kati yake, ndani ya siku 14 tangu alegee. Hapo hajaambiwa ana polio, ni utaratibu kwa kila mtoto wa namna hiyo, toeni tu.