Maadili si urefu wa sketi: dhana potofu tunazozisikia Tabora

"Watoto wa siku hizi hawana maadili." Kauli hii haikosi kwenye vikao vya harusi, na ukimsikiliza msemaji hadi mwisho, kinachomkera ni suruali inayobana au binti aliyepita bila kuamkia. Adabu ina thamani yake. Lakini mtu anaweza kuvaa kanzu safi, akamwamkia kila mzee njiani, kisha akadhulumu mirathi ya yatima. Falsafa ya maadili inauliza kwa nini kudhulumu ni kubaya, na tunajuaje.

Wengine huamini kwamba kisichovunja sheria hakina kosa. Historia ya mji huu inawakanusha. Januari 1958 TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilifanya mkutano wake mkuu hapa Tabora kujadili kura tatu, utaratibu wa mkoloni uliomlazimu kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, tena baada ya kutimiza masharti ya kipato, elimu au cheo. Ilikuwa sheria kamili, na ilikuwa dhuluma. Hilo halikuwa na ubishi mkutanoni. Ubishi ulikuwa juu ya la kufanya. Waliotaka kususia walisema kushiriki ni kuubariki ubaguzi. Mwalimu Nyerere akasema tukisusia, tutawaachia wengine viti na uhuru utachelewa. Hoja yake ikapita, Zuberi Mtemvu, mmoja wa waliopinga, akajitoa na kuanzisha chama chake, na uchaguzi ulipofanyika 1958 na 1959, TANU na wagombea iliowaunga mkono wakashinda.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa busara dhidi ya jazba. Naona tunawapunja waliokataa. Hoja yao ina uzito ule ule ambao mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliutetea mwaka 1785: wajibu haupimwi kwa faida itakayopatikana. Hoja ya Nyerere ilipima matokeo, njia iliyofafanuliwa na mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham mwaka 1789. Kutafuta kipimo cha kuamulia namna hii ni kazi ya tawi liitwalo maadili elekezi, na ndani yake yumo pia Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anayeanza na tabia: tendo hili linakujenga kuwa mtu wa namna gani?

"Kila mtu na maadili yake" nayo husemwa kana kwamba imemaliza mjadala. Ni kweli jamii zinatofautiana, na kuna wanaozichunguza imani zao za maadili na kuzieleza tu, bila kuhukumu. Ila watu kutofautiana hakuthibitishi kwamba wote wako sahihi. Kama ukweli wa kimaadili upo au haupo, hilo ni swali la metaetiki, tawi linalochunguza asili ya maadili yenyewe, na bado linabishaniwa.

Halafu kuna wanaodhani haya ni ya viongozi tu, pengine kwa sababu tuna Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995. Maadili tumizi, yaani tawi linalopima mambo halisi ya maisha, yako hata sokoni. Mama ananunua asali ya kumtulizia mwanawe kikohozi: "Shikamoo bibi, hii ni ya nyuki wadogo?" Bibi anajua ni ya nyuki wakubwa, ambayo bei yake ni ya chini. Anajibu, "Marahaba mwanangu. Hiyo ndiyo watu wanaipenda." Hakutamka uongo hata mmoja. Bentham angeuliza nani ameumia na kwa kiasi gani. Kant angesema mama yule amenyimwa nafasi ya kuamua mwenyewe. Mimi niko na Kant: bibi amedanganya, na tofauti ya bei anapaswa kuirudisha.