Kwa nini anayeiweza kazi hujiona tapeli?

"Binti, niitie fundi."

Mteja aliniambia hivyo nikiwa nimechuchumaa kwenye tairi la gari lake, gereji moja ya Unga Limited, Arusha, spana mkononi, ovaroli imelowa oili. Fundi nilikuwa mimi. Nikabadilisha pedi za breki, akalipa, akaondoka, nami nikashinda siku nzima nasubiri simu ya kuniambia breki zimekataa. Haikupigwa. Hata hivyo moyoni sikusema kazi naijua, nilisema leo nimebahatika.

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes wa Chuo Kikuu cha Georgia State, waliandika kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa masomoni au wenye heshima kazini, ambao ndani yao waliamini wamewahadaa watu. Wapo wanafunzi waliodhani walipata nafasi ya chuo kwa sababu waliowachagua walikosea. Hali hiyo watafiti hao hawakuiita ugonjwa.

Lakini mbona huwabana sana walio wachache mahali pao pa kazi au masomo? Kwa ninavyoona mimi, shaka hiyo mara nyingi hupandwa na macho ya watu. Pale gereji, kijana akikosea, kakosea yeye. Nikikosea mimi, "wanawake bwana!" Kosa langu moja wanabebeshwa wanawake wote. Basi nati za tairi nilikuwa nazikaza, naenda kunawa mikono, narudi nazikaza tena, hata mara tatu, na gari jingine linasubiri. Nikichelewa, wanasema si tulijua.

Hilo nalo limepimwa. Mwaka 1995 wanasaikolojia Claude Steele na Joshua Aronson walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi weusi na weupe wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa mtihani mmoja mgumu. Walipoambiwa unapima uwezo wa akili zao, weusi walishuka. Wengine walipoambiwa ni zoezi tu la kutazama watu wanavyotatua maswali, pengo kati ya weusi na weupe lilipungua sana. Maswali yalikuwa yale yale! Hofu ya kuwapa watu ushahidi wa dharau yao inakula nafasi ya akili inayotakiwa kwenye swali, kama kuhesabu chenji huku mtu anakutajia namba nyingine sikioni.

Mwaka 2011 wanasaikolojia wengine, Gregory Walton na Geoffrey Cohen, walitoa matokeo ya jambo dogo: wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisomeshwa, kwa muda wa kama saa moja, masimulizi ya waliowatangulia, wa kila rangi, kwamba mwanzoni nao walijiona wageni chuoni, kisha wakazoea. Katika miaka mitatu iliyofuata, alama za wanafunzi weusi zilipanda.

Nikamkumbuka mzee wetu wa gereji. Siku moja alinikuta narudia nati zangu, akaketi juu ya tairi. "Mwanangu, mimi mwaka wangu wa kwanza nilisahau kukaza nati ya kumwagia oili. Gari likafika Tengeru, oili yote imebaki barabarani. Injini ikafa." Miaka yote ile nilidhani mikono yake haijawahi kukosea.

Sasa tuna binti mwingine, ana wiki ya pili. Siku ya kwanza tu, kabla hajashika spana, nilimsimulia ile injini ya Tengeru, nikamwongezea na hadithi mbili za makosa yangu.